Pamba Uwanjani

Miji mingine huziita timu zake kwa majina ya simba, chui na tai. Mwanza iliziita timu zake mbili Pamba na Mbao. Majina hayo hayana makeke, lakini yana ukweli: husema watu wa kando ya Ziwa Viktoria waliishi kwa nini na walijenga kwa nini.

Pamba ilikuwa uhai wa Usukuma. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana kuwa shirikisho moja, na zao hilo likawa heshima ya watu wake muda mrefu kabla jina lake halijaandikwa kifuani mwa mchezaji. Timu iliyobeba jina hilo ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1990, mbele ya timu za Bara na Zanzibar pamoja. Mji wa miamba ukapata sauti katika kabumbu ya Afrika.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vyama vya ushirika vikanyong'onyea. Mwaka 2001 timu ilishuka daraja. Si haki kusema kwamba bei ya pamba ndiyo iliyokosa mabao. Mabeki hukosea na makipa huteleza hata katika mwaka wa neema. Lakini mchezaji hula, huugua na husafiri, na kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Timu isiyo na mfuko nyuma yake huwa imechoka kabla ya filimbi kupulizwa.

Mfano wa mbali waweza kufaa hapa. Katika Korea ya Kusini uko mji wa bandari uitwao Pohang, ambao kazi yake ni chuma. Kampuni ya chuma iliunda timu mwaka 1973, na timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Asia mwaka 1997, 1998 na 2009. Hong Myung-bo, nahodha wa taifa hilo lilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2002, alikuwa mchezaji wa Pohang. Vijana wa Pohang hawakuzaliwa na miguu bora kuliko ya vijana wa Igoma au Nyegezi. Tanuri lao halikuzimika, basi.

Huku kipaji hakikukauka. Mrisho Ngassa, mzaliwa wa Mwanza, aliifungia Taifa Stars mabao zaidi ya 20, lakini sifa zake nyingi alizipata amevaa rangi za Dar es Salaam. Mbao nayo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017, ikafungwa na Simba 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Miaka mitatu baadaye ikashuka.

Na lipo jambo chungu zaidi ya kushuka daraja. Simba au Yanga wajapo Kirumba, uwanja hujaa wekundu au kijani, na wenyeji hucheza kama wageni waliopotea njia. Anayeshangilia bao dhidi ya mji wake si msaliti. Baba yake alisikiliza timu hiyo redioni wakati mji haukuwa na timu ya kusikilizwa. Mapenzi hurithiwa kama shamba, na mrithi haulizwi kama udongo wampendeza.

Mwaka 2024 Pamba ilirudi Ligi Kuu kwa jina la Pamba Jiji, ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji. Mkulima ameondoka katika timu, mlipa ushuru ameingia. Pale Mwaloni, sokoni kwa dagaa na sangara, mchuuzi hulipa ushuru wake asubuhi, na sehemu ya fedha za jiji hufika katika viatu vya wachezaji. Jioni, Simba akiwa mjini, mchuuzi huyo hufunga meza mapema, huvaa jezi nyekundu, na kupanda Kirumba kuiombea timu anayoilisha ifungwe.