Mavi ya Chuma Mezani Pangu

Nilipopangiwa kufundisha kemia na fizikia katika shule moja ya kata huku Ufipa, mkoani Rukwa, nilikuta maabara ni kuta na bati tu. Hakukuwa na sinki, gesi wala chupa moja ya asidi. Shule za namna hii zilijengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, na wananchi walisomba mawe na kufyatua tofali kwa mikono yao. Majengo yakatangulia, vifaa vikabaki nyuma.

Siku ya mada ya utoaji wa chuma nilichora ubaoni tanuri la Ulaya, tanuri ambalo hata mimi sijawahi kuliona. Wanafunzi walinakili kimya. Nilipouliza swali, wote waliinamisha vichwa. Kwenye jaribio la mwezi karibu darasa zima lilianguka. Usiku ule niliandika barua ya kuomba uhamisho, nikaikunja na kuiweka ndani ya kitabu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumjulia hali mzee mmoja, jirani wa shule. Mlango wake ulikuwa umezuiwa na kitu cheusi, kizito, chenye matundu na mng'ao kama wa kioo.

“Shikamoo babu. Jiwe hili limetoka wapi?”

“Marahaba, mwalimu. Hilo si jiwe. Ni mavi ya chuma, takataka za tanuri. Babu yangu alikuwa mtu wa malungu.”

Alichukua fimbo yake, tukaenda. Ng'ambo ya kijito, katikati ya vichaka, lilisimama ilungu, mojawapo ya malungu hayo: tanuri la udongo wa kichuguu, refu kunipita, ng'ombe wakijikunia ubavuni mwake. Nililishika kwa viganja viwili. Miezi yote ile nilikuwa nikililia tanuri, nalo lilikuwa umbali wa dakika ishirini kutoka darasani.

Wiki iliyofuata niliwapeleka huko wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Tulizungusha kamba kwenye kitako cha ilungu, ikatupa mita 6.6. Tukagawa kwa 22 kwa 7, tukapata kipenyo cha mita 2.1. Kimo kilikaribia mita 3, na hapo fizikia ikaanza. Ilungu halikuhitaji mivukuto. Hewa ya moto ilipanda juu, na hewa baridi ikavutwa ndani kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini. Kimo chenyewe ndicho kilichovuta pumzi.

Babu alitusimulia jinsi walivyopanga mkaa na mawe ya chuma, kisha wakaziba mlango kwa udongo. Nikauliza kwa nini waliuziba. Akajibu binti mmoja ambaye tangu mwaka uanze sikuwahi kusikia sauti yake: “Ili hewa isizidi, mwalimu. Bibi hufanya hivyohivyo akichoma mkaa. Hewa ikizidi, unabaki majivu.”

Nilishindwa kusema kwa muda. Ndilo jibu nililolitafuta ubaoni. Mkaa ukinyimwa hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, na gesi hiyo ndiyo inayopokonya oksijeni kwenye mawe ya chuma. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi. Ilungu halikufika huko, na halikuhitaji kufika. Lilitoa bonge lenye takataka, ambalo lilisafishwa kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, safari hii kwa mivukuto, ndipo mfua chuma akatengeneza jembe.

Babu hakutuficha kwamba zamani wanawake hawakuruhusiwa kusogelea ilungu likiwaka. Yule binti alisikiliza hayo mkono wake ukiwa juu ya mdomo wa tanuri. Babu akatueleza pia jinsi majembe ya kigeni yalivyojaa madukani enzi za ukoloni, na moto wa malungu ukazimika.

Darasani tulipima uzito wa mavi ya chuma, tukayazamisha kwenye ndoo iliyojaa na kupima maji yaliyomwagika ili kupata msongamano. Sumaku ya spika ya redio mbovu ilinasa vipande vyenye chuma kilichosalia. Tulijadiliana kwa Kiswahili hadi kila mmoja akaelewa, kisha tukaandika kwa Kiingereza cha mtihani. Mlinganyo ambao walikuwa wakiukariri, sasa waliusimulia.

Sitaki mtu atumie ushuhuda huu kusema shule za vijijini zinaweza kuishi bila maabara. Ilungu halifundishi kupima asidi kwa bureti, na watoto wangu watapimwa na mtihani uleule wa taifa wanaofanya wenzao wa mjini. Tuleteeni vifaa. Na wakati mnakuja, lizungushieni uzio lile tanuri kabla mvua na ng'ombe havijalimaliza.

Barua ya uhamisho haikwenda popote. Iko mezani pangu pamoja na karatasi nyingine, na juu yake nimeweka mavi ya chuma ili upepo usizipeperushe.