Fomu Niliyomjazia Mpwa Wangu

Nilimpotezea mpwa wangu mwaka mzima wa masomo. Nilimjazia maombi ya chuo kikuu, nikayajaza vibaya, kisha nikamlaumu kila mtu isipokuwa yule aliyekuwa amekalia kiti mbele ya kompyuta.

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kufika Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu hapo kila kitu chenye muhuri huletwa kwangu: barua za mirathi, fomu za bima, vyeti vya kuzaliwa vilivyokosewa majina. Ukishakuwa msomi wa ukoo, hakuna anayekuuliza kama unajua. Wanakuuliza utaanza lini. Nawe, kwa kuwa sifa ni tamu, unaanza.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, dada yangu alinipigia kutoka Njombe. Binti alikuwa amesoma HGL na kupata C ya Historia, D ya Jiografia na D ya Kiingereza. Nikapiga hesabu hapohapo kwenye simu: C ni pointi 3, D ni 2, jumla 5 kwa masomo mawili bora. Kigezo cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa waliotoka kidato cha sita ni pointi 4 kwa masomo mawili. "Mpandishe basi aje Dodoma," nikamwambia dada. "Huyu ni wa Mlimani, na anasoma sheria."

Hapo nilikuwa nimeshakosea mara ya kwanza. Pointi 4 zinakupa haki ya kuomba. Kuchaguliwa ni habari nyingine: programu ina idadi yake ya nafasi, na waombaji wakizidi, wanapangwa kwa ufaulu hadi nafasi ziishe. Kwenye sheria ya Mlimani, mwenye C moja na D mbili anasimama nyuma ya watu wenye A zao. Mwongozo wa udahili ambao Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, huutoa kila mwaka unaonyesha idadi ya nafasi kwa kila programu. Nilikuwa nao kwenye simu. Nilisoma vigezo, nikaridhika, nikaufunga.

Kosa la pili lilikuwa la ujuzi uliochacha. Mzee wetu alimaliza shule baada ya Azimio la Musoma la 1974, wakati kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu kulikuwa kumezuiwa. Ulitakiwa kufanya kazi kwanza, na mwajiri na chama watoe maoni yao juu yako. Mzee aliingia kazini na hakutoka tena. Mimi niliomba kwa fomu ya karatasi, ikapita posta. Mdogo wangu aliomba kwa mfumo wa pamoja wa TCU ulioanza 2010: unafungua akaunti moja, unapanga chaguo zako za vyuo mbalimbali, ukikosa la juu unaangaliwa kwenye la chini yake. Mfumo ule niliuelewa vizuri, nikawasaidia na watoto wa majirani. Sikujishughulisha kufuatilia kwamba tangu 2017 waombaji wanapeleka maombi moja kwa moja kwenye kila chuo wanachokitaka. Nikamjazia binti chuo kimoja tu, nikiamini kwamba akikosa hapo, kompyuta fulani mahali fulani itamsogeza kwingine.

Tulikwenda steshenari ya jirani, yeye ameshika bahasha ya vyeti, mimi nimeshika mamlaka. Nikaanza kujaza: sheria, kisha sayansi ya siasa na utawala, kisha uandishi wa habari. Alisimama nyuma yangu muda mrefu, halafu akasema, "Anko, mimi nilikuwa nafikiria ualimu. Hata hapahapa Dodoma."

Nilimsikia. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kwa muda nilijidanganya kwamba sikumsikia. Nilimjibu bila kugeuka: "Ualimu mtu anaomba akishakosa vingine." Kijana wa steshenari alicheka kidogo. Binti hakusema tena. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapa tangu 2007, hakiko mbali na kwangu, na angeweza kulala chumba cha nyuma. Lakini mimi nilitaka mtu wa kwenda Mlimani. Mzee alikosa, mimi nilipata lakini sheria ikanipita, na haya yote niliyapakia kwenye fomu ya binti wa miaka ishirini ambaye hakuyaomba.

Jioni ile niliandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: "Wakili wetu ameshaomba." Pongezi zikamiminika. Nikanunua nyama choma. Pesa ya nyama ile ingelipa ada ya maombi kwenye vyuo vingine, na chenji ingebaki.

Majina ya awamu ya kwanza yalipotoka, lake halikuwemo. Dirisha la pili likafunguliwa, maana huwa linafunguliwa kwa ajili ya waliokosa na kwa programu zenye nafasi zilizobaki. Muda wa kurekebisha ulikuwepo. Mimi niliutumia kulalamika. Niliandika barua pepe ndefu, nikamtafuta huyu na yule, nikasema pana watu wanapitishwa mlango wa nyuma. Mwisho nikapata namba ya bwana mmoja niliyesoma naye, ambaye sasa anafanya kazi ya udahili kwenye chuo kingine. Nikamwaga malalamiko yangu yote. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kaka, aliomba wapi kwingine?"

"Kwingine kwa nini? Akikosa hapo si mtampeleka penye nafasi?"

Akakaa kimya, nikadhani simu imekatika. "Huo ni mfumo wa zamani, kaka. Siku hizi kila chuo unaomba mwenyewe. Asipochaguliwa pale alipoomba, vyuo vingine hata havijui kama yupo."

Nikabadilisha hoja. Nikamwambia ana pointi 5 na kigezo ni 4. Akanieleza habari ya nafasi na ushindani kwa upole, kama anavyowaeleza wazazi kila siku. Kisha akauliza, "Na mwenyewe alitaka kusoma nini?"

"Sheria," nikasema.

"Hiyo umeshanitajia. Namuulizia yeye."

Nilikuwa ofisini, mlango wazi, mwenzangu wa meza ya pili anasikiliza. Ningeweza kusema sijui, ikapita. Lakini nilikuwa najua. Sauti yake ya pale steshenari ilinirudia neno kwa neno, na jibu langu, na kicheko cha yule kijana. Nikasema, "Ualimu." Bwana yule hakunisuta. Alinishauri tu tuwahi, kwa sababu dirisha la pili linakaribia kufungwa na kozi nyingi zimeshajaa. Nilipokata simu nikaufungua mwongozo na kwenda ukurasa wa ualimu wa Dodoma. Vigezo alikuwa navyo. Nafasi zilikuwa nyingi kuliko za sheria niliyokuwa nikiililia. Nilisoma mistari ile midogo mara kadhaa, nikitafuta sababu yoyote ambayo ingeonyesha kwamba angekosa na huko pia. Sikuipata.

Tuliomba usiku uleule, yeye akichagua. Tulichelewa. Ualimu wa masomo yake ulikuwa umejaa kwenye vyuo viwili alivyovitaka. Vyuo vya binafsi vilikuwa na nafasi, ila mama yake asingeweza kubahatisha ada huko bila uhakika wa mkopo. Akarudi Njombe.

Gharama ni hizi. Mwaka mmoja. Wenzake wa darasa wako mbele yake na watahitimu kabla yake. Shilingi 30,000 za maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, alizolipa mama yake, hazikuzaa kitu, maana mkopo bila udahili haupo. Mwaka uliofuata zikalipwa tena, safari hii na mimi. Na lile jina. Nililibandika mimi kwenye kundi la ukoo, likashika. Mwaka mzima, kila msibani na kila harusini, alikuwa anaulizwa, "Wakili, chuo unafungua lini?" Baadaye nilifuta ujumbe wangu, lakini watu walikuwa wameshalizoea jina hilo.

Nilimwomba radhi kwa simu. Akasema, "Haina neno, anko." Sikuamini kwamba haina neno, na sidhani kama alikusudia niamini.

Mwaka uliofuata aliomba mwenyewe kwa simu yake, vyuo vitatu, ualimu kotekote. Alichaguliwa kwenye viwili. TCU ikamtumia namba ya siri kwa ujumbe mfupi, akaitumia kuthibitisha anakotaka kwenda, kazi iliyomalizika nikiwa sina habari. Hakuchagua Dodoma. Nilijua baada ya dada kunitumia picha ya barua ya kuripoti.

Nawe mwenye mpwa, mdogo au mtoto wa jirani anayekuja na bahasha Julai hii, najua raha ya kuitwa. Lipia ada ya maombi, kwa chuo zaidi ya kimoja. Fungueni mwongozo wa mwaka huu, msome vigezo pamoja na idadi ya nafasi. Namba ya simu inayojazwa iwe yake, ili ujumbe wa kuthibitisha umfikie yeye. Na akisema anafikiria kitu fulani, acha kuandika, geuka umtazame, umuulize kwa nini. Ukiona anakosea, mwambie. Akibaki na lake, mwachie kiti ajaze.

Mimi bado naletewa fomu. Za chuo, siku hizi wanazipeleka kwa binti.