Ndugu Zangu wa Tororo

Nilikuwa utingo wa lori mpakani Malaba, upande wa Kenya. Shehena ilipopungua nilishtakiwa kwa wizi, na dhamana ikapingwa kwa hoja moja: Uganda iko hapo, huyu atavuka. Kweli iko hapo. Sisi Wateso tuko pande zote mbili. Shangazi zangu wameolewa Tororo, na kwenye matanga hatuulizani kitambulisho.

Nilipewa bondi ya shilingi 300,000 na mdhamini wa kiasi hicho hicho. Kwa karatasi nilikuwa huru. Lakini shamba la nyumbani bado lilikuwa kwa jina la babu, aliyefariki kabla sijazaliwa, na hati ya marehemu haimtoi mtu rumande. Wengi niliowakuta humo walikuwa wamekwama papo hapo.

Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Mara dereva aliye shahidi yuko njiani Juba, mara faili haijaletwa. Mfungwa anajua siku yake ya kutoka. Mahabusu hajui, na hilo ndilo lililonitafuna. Niliona vijana wakikiri makosa ili tu wapigwe faini waende nyumbani. Nami nilishaanza kufikiria vivyo hivyo.

Aliyenigeuza ni mzee mmoja, mahabusu mwenzangu, aliyepata mafunzo ya usaidizi wa kisheria humo gerezani. "Mwanangu, huendi kuomba huruma," aliniambia. Akanieleza ibara ya 49 ya Katiba ya 2010: mshtakiwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti yanayofaa, ila pakiwa na sababu nzito za kumzuia. Miongozo ya dhamana ya 2015 inautaka upande wa mashtaka ndio uthibitishe sababu hizo. Na kifungu cha 123A cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinataka hakimu apime pia mafungamano ya mtu na jamii yake. Hapo nikashtuka. Kumbe mama yangu, ng'ombe wetu na kanisa letu ni mambo ya kuzungumzwa mahakamani!

Mzee akanisaidia kuandika ombi kwa Mahakama Kuu, yenye uwezo wa kupunguza dhamana iliyowekwa na mahakama ya chini. Afisa wa probesheni akaenda nyumbani, akaongea na mama, mke wangu, chifu na mzee wa mtaa, akaandika ripoti. Dhamana ikashushwa hadi shilingi 30,000 taslimu. Na waliochanga sehemu kubwa ya pesa hizo ni ndugu zangu wa Tororo, wale wale walioonekana kuwa mlango wangu wa kutorokea. Nilihudhuria kila tarehe, mpaka nikaachiliwa kwa kukosekana ushahidi.

Utingo nimeuacha. Siku za kesi hukaa na familia kwenye ua wa mahakama ya Busia, hasa akina mama ambao watoto wao wamekamatwa na mizigo ya magendo. Nawaeleza kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba hairuhusu mtu kuwekwa rumande kwa ajili yake. Nawatuma kwa chifu wachukue barua mapema. Kisha nauliza shamba liko kwa jina la nani. Wakinitajia marehemu, nawasihi waanze mirathi wiki hiyo hiyo, na wawaambie majirani nao waanze, hata kama hakuna mtoto wao aliyekamatwa.