Nguvu ya Sauti

Msomaji wangu, kama wapenda kuimba, lisikilize kosa langu usije ukalirudia. Nilipokuwa shuleni nilidhani kuwa mwimbaji hodari ni yule awashindaye wenzake kwa kelele. Mashindano yalipokaribia nilizidi kukaza shingo hata mishipa ikanitoka, na koo likawasha kama lililotiwa pilipili. Siku yenyewe ilipofika nilifumbua kinywa, sauti isitoke. Kwaya ilipanda jukwaani; mimi nilibaki chini, nikitazama mahali pangu pamesimama mwingine.

Mwalimu wetu hakunikemea. Aliniambia niweke mkono juu ya tumbo, akasema, "Nguvu hutoka hapa, koo ni njia tu."

Baadaye nilifahamu maana yake. Kooni mna nyuzi mbili ndogo za sauti, nazo hutetemeka mamia ya mara kwa sekunde moja. Zikilazimishwa kugongana kwa nguvu, huvimba. Kazi ya kuzitetemesha ni ya pumzi, na pumzi hutawaliwa na misuli ya tumbo, ya mbavu, na ile iliyotandaa chini ya mapafu. Koo na kinywa vikilegea huikuza sauti, kama mzinga wa ngoma ukuzavyo mlio wa ngozi.

Basi simama wima. Vuta pumzi mpaka mbavu zitanuke, mabega yasipande. Kisha itoe kwa kiasi, taya likiwa limelegea. Koo likiuma, nyamaza. Ngoma ikilia sana hupasuka. Na ngozi ya ngoma hununuliwa, bali koo halina duka.