Bonyezo moja linaweza kuhamisha jamaa nzima

Hapa Lumumba jamaa nyingi zinaishi na ndugu waliokimbia vita vya Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017. Hao hawalali Kigonze wala kambi ya ISP. Wanalala sebuleni kwa shangazi, kwa mjomba, ama kwa rafiki aliyewapokea. Mashirika ya kiutu yanawajua kwa kitu kimoja tu: mstari wenye jina lao ndani ya orodha. Na orodha hiyo siku hizi haiko tena katika daftari. Iko katika kompyuta, ndani ya programu ambayo wenye kazi wanaiita portali. Mtu mmoja mbele ya skrini anaweza kubadilisha mamia ya mistari kabla chai yake haijapoa.

Naandika juu ya hilo sababu nimeona matokeo yake kwa macho.

Siku moja ya ugawaji nilikuwa hapa katani na kirekodi changu cha redio. Mama mmoja akatoa jetoni yake. Namba sawa, jina sawa, hesabu ya watoto sawa. Lakini kwenye nafasi ya makao paliandikwa kambi ambayo hajalala hata usiku mmoja. "Mama, wewe ni wa kambini, uende kule," akaambiwa. Akaenda kwa miguu. Kule kambini karatasi zilikuwa zimechapishwa kabla ya mabadiliko, basi jina lake halikuwemo. Akarudi jioni mikono mitupu. Majirani zake vilevile. Kabla giza halijaingia, watu walikuwa wanasema majina yameuzwa, na wengine walikwisha kutaja kabila la aliyeuza. Sisi wa Ituri tunajua maneno ya namna hiyo yanaweza kutufikisha wapi.

Hakuna aliyeuza. Kijana mmoja wa takwimu katika shirika lile, ambalo sitalitaja, alinieleza akaniruhusu niseme bila jina lake. Mwenzake alitaka kuandika makao mapya ya jamaa zilizohamishiwa kambini. Skrini ilimwonyesha mistari 50. Akaweka alama kwenye kisanduku cha juu kinachosema "chagua zote", akaandika jina la kambi, akabonyeza. Yeye alifikiri "zote" ni zile 50 anazoziona. Portali ilielewa zote za orodha, pamoja na kurasa ambazo hakuzifungua. Na hakuna aliyeweka kopi ya orodha ya zamani. Ikabidi wazunguke tena na wakubwa wa avenyu, nyumba kwa nyumba, kuuliza watu wanalala wapi. Kazi ya bonyezo moja ilisahihishwa kwa majuma mengi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza wenye kazi hiyo wanavyojilinda. Majibu yao yanafanana, nami nayaleta hapa ili tujue la kudai.

Kwanza, kopi. Kabla ya kugusa kitu, orodha yote inatolewa na kuwekwa pembeni na tarehe yake, ili kosa likitokea kuwe na pa kurudia.

Pili, kuchagua kwa namba ya jetoni, si kwa jina wala kwa neno. Akina Ngabu, Lossa na Mateso ni wengi katika Bunia. Hata neno Lumumba lenyewe ni mtego. Ni kata yetu, lakini pia ni bulvadi kubwa Kinshasa, ni avenyu Bukavu, na kuna watu wanaoitwa hivyo. Ukitafuta neno hilo ndani ya orodha ya nchi nzima na kubadilisha kila linapotokea, utahamisha watu ambao hawajawahi kuona Bunia.

Tatu, kuhesabu. Kama jamaa zinazohama ni 50, portali ikisema itabadilisha 900, mkono usibonyeze. Wanaanza na mistari kumi, wanaifungua mmoja mmoja, na mtu wa pili anaangalia. Ndipo wanaendelea.

Nne, kujua kipi kinabadilika na kipi hakibadiliki. Mwaka 2015 nchi yetu ilitoka majimbo 11 ikawa na 26. Jimbo la Mashariki likagawanyika: Ituri, Tshopo, Haut-Uélé na Bas-Uélé. Mtu wa ofisi angeamuru kila "Mashariki" iwe "Ituri", mtu wa Kisangani angejikuta mwana Ituri, na wa Isiro vilevile. Tena, anayeishi Bunia leo makao yake ni Ituri, lakini cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1990 kitaendelea kusema Haut-Zaïre, na hiyo si kosa. Makao yanahama. Habari za kuzaliwa hazihami.

Tano, sifuri ya simu. Namba zetu zinaanza na 0: 081, 097, 099. Orodha ikipitishwa katika programu ya mahesabu, mara nyingi sifuri ile inaanguka, sababu kompyuta inadhani ni hesabu. Namba ya tarakimu kumi inabaki na tisa. Siku pesa zinatumwa kwa simu, hazifiki. Tarehe nazo zinaweza kugeuka: 03/05 ikasomwa Machi badala ya Mei, na mtoto akabadilishiwa umri.

Sasa sisi tufanye nini? Jetoni itunzwe kama kadi ya uchaguzi, na mwenye simu ya picha aipige picha pande zote mbili. Mkisikia kuna uhamisho wa kambi yoyote, hata kama haukuhusu, nenda uulize mstari wako unasema nini. Taja namba, si jina peke yake. Ni haki yako: Sheria ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari binafsi za mtu, na inampa haki ya kuomba zisahihishwe.

Kwa mashirika, ombi letu ni dogo. Bandikeni orodha mpya kwa mkuu wa kata siku tatu kabla ya ugawaji, namba za jetoni tu bila majina, sababu majina ukutani yanaweza kuwa hatari kwa aliyekimbia. Kosa likionekana siku ya tatu kabla, linasahihishwa ofisini. Likionekana siku yenyewe, mama anarudi bila unga, na jioni tunaanza kutafuta nani aliuza majina.