Bunju wetu hataki kula, au hawezi?

Najua nimepotea, kuna mdau mmoja kaniandikia kabisa kuuliza kama nimedisco. Sijadisco jamani, nipo, ila UE inanukia na baridi ya Singida ya mwezi wa saba wenye kuijua mnaijua: upepo asubuhi, upepo mchana, usiku unalala na soksi pea mbili. Lakini kilichonipoteza zaidi wiki hizi tatu si kitabu wala baridi. Ni samaki. Wa siku nyingi hapa mshajua nani.

Kwa wageni wa ukurasa huu, pale geto letu Mandewa tunakaa watu wawili na bunju mmoja. Bunju ni wa mshkaji wangu, kwao Uvinza. Mwezi wa kumi alirudi chuo na treni mpaka Manyoni, akaunganisha basi, mkononi kashika ndoo yenye mfuniko uliotobolewa matundu. Nilijua kaleta mawese. Kafungua, kumbe kuna kasamaki ka ukubwa wa kidole gumba, kana madoa madoa, macho yanazunguka kila moja kivyake kama ya kinyonga. Babu yake, ambaye ni mvuvi wa Mto Malagarasi tangu ujana, alikanasa kwenye nyavu akampa mjukuu. Sisi tukamwita Mkaguzi, maana hakuna kinachopita mbele ya kioo asikiangalie. Fundi wa madirisha ya alminiamu akatuundia tangi la vioo kwa hela ya bumu, na maisha yakaanza.

Watu wa pwani bunju wanamjua, yule samaki anayejivimbisha kama mpira akikasirishwa. Wengi hawajui kwamba wapo na wa maji baridi, na mmojawapo anaishi kwetu hapahapa, Ziwa Tanganyika na Malagarasi, na upande wa pili kwenye mto Kongo. Jina lake la kisayansi ni Tetraodon mbu, alipewa na mtaalamu aitwaye Boulenger mwaka 1899. Hahaha, ndiyo, mbu. Usiende na chandarua lakini, huyu mbu akikua anapita sentimita 60. Hiyo sehemu ya kwanza ya jina ni Kigiriki, maana yake meno manne. Lishikeni hilo neno meno, tutalirudia.

Basi bwana, mwezi wa sita mshkaji akapigiwa simu kutoka nyumbani. Babu mgonjwa, hali, kakonda. Siku hiyohiyo akapanda gari. Akaniachia karatasi: dagaa waliolowekwa na vipande vya minofu mara moja kwa siku, theluthi ya maji ibadilishwe kila wiki, maji ya bomba yalale kwanza kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini itoke. Nikafuata kama ratiba ya testi. Wiki ya kwanza Mkaguzi alikula vizuri. Ya pili akaanza kubakiza. Halafu ikafika siku dagaa wakalala chini mpaka asubuhi, na kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa.

Kila jioni mshkaji anapiga simu.
"Kala?"
"Hajala. Babu je?"
"Naye hajala."
Kisha tunanyamaza wote wawili, salio linakwenda. Nilijua kwa nini anauliza samaki kwanza. Ya babu ni mazito kuyasema, samaki anasemeka. Na mimi niliogopa siku nitakayomwambia samaki kafa, atasikia kitu kingine kabisa. Yule samaki ni mkono wa babu yake.

Ushauri haukukosekana. Mama mwenye nyumba alichungulia akasema, "Mwanangu, samaki asipokula si huliwa yeye?" Nikamwambia mama, shikamoo, ila huyu achana naye kabisa. Jamii ya bunju wengi wana sumu kali mwilini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Nikawaomba na watoto wa pale uani wasitie mikono. Jirani mwingine akasema nikamwachie Ziwa Singidani, si lipo hapo mjini. Jamani, Singidani maji yake yana chumvi na magadi, wakati huyu kazaliwa kwenye mto wa maji baridi. Ni kumuua kwa heshima. Na hata angepona, kupandikiza kiumbe wa mto mwingine kwenye ziwa lisilo lake ni kuwatafutia matatizo waliomo.

Nikasema ngoja nifanye ukaguzi wenyewe, moja baada ya jingine. Nikibadilisha vitu vitatu kwa mpigo halafu akala, sitajua kipi kilimponya, na kesho akigoma tena naanza upya.

Mshtakiwa wa kwanza alikuwa maji. Samaki anajisaidia humohumo anamoishi, na uchafu ule pamoja na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo inamchoma mashavuni anakopumulia. Wapo vijidudu vyema vinavyoishi kwenye changarawe na kwenye chujio, vinaibadilisha ile amonia ikapunguza ukali, ila vinachukua wiki kadhaa kujenga makazi. Ndo maana ukiosha tangi zima kwa sabuni ling'ae, samaki anakufa kwenye usafi. Tangi letu lina miezi minane, limeshazoea. Mkaguzi hakuwa anapanda juu kuhema wala mashavu hayakuwa mekundu. Hata hivyo nikaondoa mabaki yote, nikabadilisha theluthi ya maji, nikasubiri siku mbili. Hajala.

Mshtakiwa wa pili, baridi. Hapa nilikuwa na uhakika nimemkamata. Singida mjini tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na tangi lilikuwa chini ya dirisha. Nikaazima kipimajoto kwa mwalimu mmoja wa sekondari jirani yetu. Saa kumi na mbili asubuhi maji yalisoma nyuzi 18! Samaki hana moto wake wa ndani kama wewe na mimi. Maji yakipoa na yeye anapoa, tumbo linasaga polepole, na hamu ya kula inapungua. Huyu ni wa bonde la joto, nyuzi 24 mpaka 26 ndo kwake.

Hita ya tangi hapa mjini sikuipata. Nikalihamisha tangi mbali na dirisha, nikalizungushia vipande vya yale maboksi meupe mepesi ya kusafirishia samaki, nikafunika juu, halafu nikawa nazamisha chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri, asubuhi na usiku. Polepole, nyuzi moja au mbili kwa siku, maana kupandisha joto ghafla nako kunamshtua. Siku ya nne tukafika 24.

Wadau, Mkaguzi akafufuka! Rangi ikarudi, macho yakazunguka, akanifuata kidole kioo kizima. Nikamshushia dagaa. Akaja mbio, akamdaka… akamtema. Akamdaka tena, akamtema. Mara tano. Mwishowe akakaa chini anamtazama dagaa, mimi namtazama yeye.

Nilikaa kitandani nikafikiri sana pale. Siku zote tulikuwa tunasema amegoma, hana hamu, kanuna, eti kamkumbuka mwenye naye. Kumbe kiumbe mwenye hamu alikuwa mbele yangu. Asiyetaka kula hakifuati chakula mara tano. Huyu alitaka, ila kuna kitu kinamzuia. Baridi ilikuwa kweli, lakini ilikuwa imelifunika tatizo jingine. Swali likabadilika: badala ya kwa nini hataki, nikajiuliza kwa nini hawezi.

Nikawasha tochi ya simu, nikamngoja aje usoni kwenye kioo. Nikaona. Meno ya juu yameota marefu yamepita ya chini, kama mdomo wa kasuku mzee. Mdomo haufungi vizuri na haufunguki vya kutosha.

Hapo ndo jina la Tetraodon likaeleweka. Bunju ana meno manne, mawili juu mawili chini, yameungana kuwa kama mdomo wa ndege, na hayaachi kukua maisha yake yote, sawa na ya sungura. Kule Malagarasi si tatizo, maana chakula chake ni konokono, kome na kaa. Kila akivunja gamba, meno yanasagika. Sasa mtoe huko umlete nyanda kavu kama hizi, umpe dagaa laini na minofu miezi minane. Meno yanaota, hayana cha kuyapunguza, mpaka siku moja yanamfungia mlango.

Nikaenda kwa daktari mmoja wa mifugo. Ng'ombe, mbuzi, na kuku wetu wa kienyeji wale wanaosafirishwa mpaka Dar, hao ndo wateja wake. Nikaeleza, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Kijana, kuku wanaodonoana nimewapunguza midomo sijui wangapi. Mdomo ni mdomo. Shida ni kumtuliza tu." Akasoma kwenye simu yake, akaniagiza mafuta ya karafuu, yaleyale ya jino. Kumbe hayo kwa samaki ni dawa ya usingizi. Lakini kipimo chake ni kidogo sana na kikizidi samaki haamki, kwa hiyo sitaandika matone mangapi hapa. Tafuteni mtaalamu, msijaribu kwa kusoma kwangu.

Alitikisa mafuta kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu kwanza ili yachanganyike, akayamimina kidogo kidogo kwenye beseni la maji ya tangi. Mkaguzi akalegea, akalala ubavu. Daktari akamshika humohumo majini. Bunju akitolewa nje hushtuka akajivimbisha kwa hewa, na hewa hiyo ikiingia kuitoa ni kazi. Kwa kikatio kidogo cha kucha akapunguza ncha, kidogo juu, kidogo chini, dakika haikuisha. Tukamweka kwenye maji masafi yenye mpira wa hewa. Dakika zile nilizosubiri mashavu yaanze kuchezacheza vizuri… hata matokeo ya mwaka wa kwanza sikuyasubiri hivyo. Akaamka.

Jioni hiyo hakula. Kesho yake mchana, kamba mwenye gamba lake niliyeagizia kutoka Dar kwa jamaa, akatua majini. Krak! Sauti niliisikia nje ya kioo.

Simu ya jioni nikaipiga mimi. Nikamweleza mshkaji yote, kuanzia maji, baridi mpaka meno. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kaka, huku kila mtu anamgombeza mzee. Anaambiwa mkaidi, anaususa uji wa mama. Hakuna aliyemwangalia mdomoni." Sikuwa nimefikiria hivyo, na sitaki mseme nimemfananisha babu wa watu na samaki. Ila kesho yake walimpeleka tena zahanati, wakamwomba mganga amkague kinywa na koo. Kinywa kilikuwa na vidonda na utando mweupe mpaka nyuma, kila tonge lilikuwa moto, na mzee wa watu aliona haya kulia mbele ya wajukuu. Kapewa dawa. Nimesikia juzi kamaliza kikombe cha uji na kudai sukari iongezwe. Kupona kabisa bado, ugonjwa wake una mengine, tuendelee kumwombea.

Kwa Mkaguzi kazi sasa ni konokono. Lipo lambo nje kidogo ya mji lenye konokono wa majini, lakini hawahawa ndo wanaobeba kichocho, kwa hiyo nilikwenda na mabuti ya mpira na glavu ndefu, sikugusa maji. Wale niliookota siwalishi. Nimewatenga kwenye ndoo yenye mfuniko na majani ya mchicha, wameshataga. Konokono huambukizwa kichocho na maji yenye kinyesi au mkojo wa mgonjwa, hawazaliwi nacho, hivyo watoto watakaoanguliwa kwenye maji yangu masafi ndo watakuwa chakula. Kwa sasa tunasukuma na kamba, na bajeti yangu ya chipsi mayai imekuwa ya Mkaguzi.

Kuna jingine tutakalokaa kulizungumza mshkaji akirudi. Samaki wa sentimita 60 na zaidi haingii kwenye tangi la fundi madirisha, na kumrudisha mtoni baada ya miezi yote hii na maji ya watu si salama kwa wenzake wa kule. Sina jibu. Mwenye wazo, au mwenye bwawa la zege analolitunza vizuri, aniandikie.

Na wewe una kuku, mbuzi, au mtu hapo nyumbani aliyeacha kula, kabla hujasema kasusa, mpelekee chakula karibu halafu mwangalie. Akikifuata, mkague mdomo.

Naenda kusoma jamani, Jumatatu tunaanza na Takwimu. Niombeeni. Tuko pamoja!