Punda Hana Ulimi wa Kushtaki

Anayetoka Mombasa akahamia Kitengela, kama tulivyohamia sisi, hujifunza upesi thamani ya mkokoteni. Maji ya nyumba nyingi huku huletwa mlangoni na punda. Mkokoteni wa mitungi 20 ya lita 20 hubeba lita 400, yaani kilo 400 za maji peke yake, na uzito wote huo huegemea beringi nne, mbili kwa kila gurudumu, zilizofichika ndani ya kitovu chake.

Mwaka jana, mvua zilipoanuka, jirani yetu mjane anayelea wanawe kwa kuuza maji alituletea shauri. Punda wake alikuwa akichoka kabla ya adhuhuri, na kijana anayemwongoza amezidisha kiboko. Watu walimshauri amuuze. Tukamwomba atuachie kwanza tuutazame mkokoteni.

Tuliinua ekseli kwa jeki, tukalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa, likacheza. Tukalizungusha, likakoroma kama jiwe la kusagia. Tulipolifungua, sili ilikuwa imepasuka na grisi imegeuka tope la kijivu.

Sababu yake ndugu zetu wa pwani wanaovuta mashua kwa trela wataitambua. Kitovu kilichopata moto njiani kikitumbukizwa majini hupoa ghafla, hewa iliyomo husinyaa, na maji hufyonzwa ndani kupitia sili. Yule kijana, ili apunguze kubeba ndoo, alikuwa akiurudisha mkokoteni hadi ndani ya silanga. Vumbi la njia za Kajiado likamaliza kazi iliyobaki.

Kijana alitaka tuongeze grisi mpya juu ya ile chafu, tufunike. Hilo ni kupaka uturi juu ya kidonda. Tulisafisha kila kitu kwa mafuta ya taa, tukaona rola zimeliwa vishimo, na pete yake iliyomo kitovuni nayo ina makovu. Beringi na pete yake ni mume na mke: rola mpya juu ya pete mbovu haidumu. Basi tulinunua vyote kwa pamoja mjini Kajiado, na sili mpya. Tuliishindilia grisi kwa kiganja mpaka ikatokeza upande wa pili wa rola. Nati tuliikaza huku gurudumu likizungushwa, kisha tukailegeza kidogo, gurudumu lizunguke kwa wepesi bila kucheza, tukalifunga kwa pini mpya. Gurudumu la pili nalo tukalifanyia ukaguzi huo huo.

Siku ya pili punda alivuta mzigo ule ule, na kiboko kikabaki kwapani mwa kijana. Mama hakumuuza, na wanawe hawakukosa riziki.

Enyi kina mama wenye mikokoteni, kila safari iishapo wekeni mgongo wa mkono karibu na kitovu cha gurudumu. Kikiwa cha moto kuliko mwenzake, msingoje kilie. Waswahili husema shukrani ya punda ni mateke. Lakini kabla ya kumlaumu, na tuulize tumemfungia gurudumu gani. Yeye hana ulimi wa kutushtaki hapa duniani, nasi tutaulizwa juu yake kesho.